Kivuli cha Luanda Magere na Tani za Hulk

ACHIENG: Karibuni, wasikilizaji wetu. Tunarekodi hapa Kisumu, na leo tumetenga kipindi kizima kwa mjadala ambao mimi na Ndugu Barasa tumekuwa nao tangu tulipoanza kuazimana majarida ya vibonzo. Nguvu za mashujaa hawa zipimwe kwa kitu gani, na kwa nini shujaa yuleyule anabeba mlima katika toleo moja, kisha katika toleo jingine anashindwa na mtu ambaye hangemtikisa?

BARASA: Ahsante, dada Achieng. Msimamo wangu unaujua na sijaubadilisha: nguvu ni kiasi, na kiasi hupimwa. Kuanzia mwaka 1983 kampuni ya Marvel ilichapisha mwongozo rasmi wa wahusika wake, kazi iliyosimamiwa hasa na Mark Gruenwald, na humo wahusika wakaandikiwa uzito wanaoweza kuuinua. Spider-Man aliandikiwa tani 10. Hulk na Thor waliwekwa katika daraja la wanaoinua zaidi ya tani 100. Nilipokuwa kidato cha pili kule Bungoma, nakala moja iliyochakaa ilinifikia, nami nikayanakili madaraja hayo nyuma ya daftari langu la hesabu, kwa sababu niliona kwamba hatimaye kuna mtu aliyetuheshimu sisi wasomaji kiasi cha kutuwekea ahadi kwa maandishi. Ukishasema tani 10, neno lako limekufunga.

ACHIENG: Na ahadi hiyo ilidumu?

BARASA: Haikudumu, na ndiyo maana ninaumia. Katika toleo la 269 na la 270 la The Amazing Spider-Man, mwaka 1985, Spider-Man anapambana na Firelord, kiumbe aliyewahi kuwa tarishi wa Galactus, yule mla sayari. Firelord husafiri kati ya nyota na mkononi ana fimbo ya moto unaoweza kuteketeza majengo. Mtu wa tani 10 anamkimbia kwa kurasa nyingi, jambo ambalo ni sawa kabisa, halafu ghafla anageuka na kumtwanga kwa ngumi mpaka anazirai. Nimelisoma toleo hilo mara nyingi nikitafuta sababu iliyotangulia ngumi hizo, na sijaiona. Zilikuwa tani 10 asubuhi, na jioni hazina idadi.

ACHIENG: Kwamba kuna kosa hapo, tunakubaliana. Tunachotofautiana ni kosa lenyewe ni lipi. Wewe unaona hesabu imevurugika, ilhali mimi naona kwamba hata kama mwongozo ule haungechapishwa kamwe, msomaji angehisi amepunjwa. Linganisha na toleo la 229 na la 230 la jarida hilohilo, mwaka 1982, lililoandikwa na Roger Stern na kuchorwa na John Romita Mdogo. Spider-Man anatakiwa kumzuia Juggernaut, ambaye akishaanza kutembea hakuna kinachomsimamisha. Anamjaribu kwa kila kitu kilichopo mjini. Lori la mafuta linalipuka, na jamaa anaendelea kutembea. Mwishowe Spider-Man anamrukia mgongoni, anamziba macho, na Juggernaut anaingia kwa miguu yake mwenyewe katika msingi wa jengo uliojazwa saruji mbichi, akazama. Kila mmoja amebaki na nguvu alizokuwa nazo mwanzoni: asiyezuilika hakuzuiliwa, ila alitembea hadi mahali pasipo na pa kukanyaga. Hilo ndilo pambano ninalowapa watu wanaponiuliza kwa nini ninapoteza muda wangu na vibonzo.

BARASA: Pambano hilo sina neno nalo. Hata tani zangu zinaliunga mkono.

ACHIENG: Zinaliunga mkono kwa bahati, ndugu yangu, kwa maana Stern aliliandika kabla ya mwongozo wako kutoka. Kipimo changu nilikipata mbali na Marekani. Nyanya yangu, ambaye sisi tulimwita dani, alikuwa akitusimulia kisa cha Luanda Magere, shujaa wa Waluo, tukiwa nyumbani kwake katika nyanda za Kano, huku vilima vya Nandi tukiviona kwa macho. Mwili wa Magere ulikuwa wa jiwe, na mikuki ya adui ikimgonga ilidunda. Wanandi waliposhindwa kumuua vitani walimletea binti mzuri akawa mkewe. Siku moja akaugua, akamwomba mke huyo amchanje ili amtie dawa, lakini akamwambia asiuchanje mwili, achanje kivuli. Binti alipokata kivuli, damu ikatoka. Alirudi kwao na siri hiyo, na katika vita vilivyofuata mkuki ulielekezwa kwenye kivuli, Magere akaanguka akageuka jiwe, ambalo watu huonyeshwa hadi leo. Dani alisimulia kisa hicho mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na hakuna siku mkuki ulimwingia Magere kifuani. Wala hatukuwahi kumuuliza aliweza kuinua kilo ngapi.

BARASA: Pwani nako wana Fumo Liyongo, ambaye hakuweza kuuawa ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Ni muundo uleule. Lakini niruhusu nikupinge. Visa hivyo vina mwisho mmoja. Magere anakufa mara moja, kisa kinakwisha, na mtoto anaweza kusimuliwa upya kesho bila kuongezwa sura mpya. Hulk anatolewa tangu mwaka 1962, na waandishi wake wamebadilishana kalamu kwa miongo sita. Ni lipi litakalomshikilia asipeperuke kama si takwimu?

ACHIENG: Sharti lake. Hulk ana sharti moja linalojulikana hata na mtoto ambaye hajawahi kushika jarida: kadiri anavyozidi kukasirika ndivyo nguvu zinavyozidi.

BARASA: Hapo ndipo nilipokuwa nakungojea. Katika toleo la kwanza la Stan Lee na Jack Kirby, Bruce Banner, yule mtu anayegeuka kuwa Hulk, hakugeuka kwa hasira. Aligeuka jua lilipotua, na rangi yake ilikuwa ya kijivu. Kijani kilikuja baada ya uchapishaji kusumbua. Kwa hiyo hilo sharti unaloliita msingi liliongezwa baadaye. Ikiwa sharti linaweza kubadilishwa, ubora wake juu ya tani zangu uko wapi?

ACHIENG: Hoja yako ni nzito na nimeifikiria kwa muda mrefu, kwa sababu Superman analeta tatizo hilohilo kwa ukubwa zaidi. Jerry Siegel na Joe Shuster walipomtoa mwaka 1938, hakuwa na uwezo wa kuruka angani. Aliweza kupiga hatua ya kuruka umbali wa thumuni ya maili, kuvuka jengo la ghorofa ishirini, na kulishinda mbio gari-moshi la kasi, na waliandika wazi kwamba kombora likipasuka lingeweza kupenya ngozi yake. Walijitahidi hata kutueleza kwa mifano: sisimizi hubeba mzigo unaoupita uzito wake mara mamia, na panzi huruka umbali ambao kwa binadamu ungekuwa mitaa kadhaa. Ninaipenda sana kurasa hiyo, kwa sababu mtoto yeyote aliyewahi kuchuchumaa kando ya kichuguu anaielewa. Ila kufikia miaka ya 1960 mtu huyohuyo alikuwa anasukuma sayari. Hakuna panzi wa namna hiyo.

BARASA: Na wenyewe waliona wamezidisha. Mwaka 1971 Denny O'Neil alijaribu kumpunguzia nguvu, lakini punguzo hilo halikushika. Ikabidi wasubiri mpaka mwaka 1986, John Byrne alipoanza upya simulizi yote, akampa Superman anayehema na kuchoka, asiyeweza kukaa angani apendavyo bila hewa. Kumbe DC, kampuni inayomchapisha Superman, yenyewe ilitambua kwamba kiasi ni muhimu!

ACHIENG: Ilitambua kwamba asiyeweza kushindwa hana kisa. Na hapo ndipo ninapoweza kukujibu kuhusu Hulk. Byrne alitutangazia mabadiliko mlangoni, kabla hatujaingia. Alisema, kwa matendo ya kurasa zake za kwanza, kwamba huyu ni Superman mwenye masharti mapya, nasi tukayapokea. Vivyo hivyo hasira ya Hulk: ilikuja ikiwa imechelewa, lakini ilipofika ilikaa, na waandishi waliofuata wakaikuta kama sheria ya nyumba. Mwandishi ana haki ya kubadilisha sharti kati ya kisa na kisa. Asichokuwa nacho ni haki ya kulivunja katikati ya kisa kwa sababu tu amekwama na kurasa zimebaki chache. Firelord alianguka kwa sababu kurasa zilikuwa zimekwisha.

BARASA: Sasa nieleze mlima. Jarida la Marvel la Secret Wars, toleo la 4, mwaka 1984: adui aitwaye Molecule Man anawaangushia mashujaa safu nzima ya milima, na Hulk anaizuia peke yake. Jalada lenyewe linataja tani bilioni 150. Mwongozo uliochapishwa mwaka mmoja tu nyuma ulimweka katika daraja la tani 100. Hiyo ni mara bilioni 1.5, dada. Daftari langu lilikufa siku hiyo.

ACHIENG: Lakini kumbuka kinachotokea chini ya ule mlima. Hulk anaanza kulemewa, na shujaa mwenzake Reed Richards, badala ya kumbembeleza, anamtukana kwa makusudi ili hasira impande. Mwandishi, Jim Shooter, amelirejea sharti hadharani, akalitumia kama jeki. Idadi ni ya kushangaza, nakubali, na pengine bilioni 150 iliandikwa ili kuuza jalada, lakini kisa hakijavunja neno lake.

BARASA: Mimi bado nasema walipaswa kurekebisha mwongozo. Huwezi kuniuzia vitabu viwili vinavyopingana.

ACHIENG: Hilo nakuachia. Naomba tumtaje Storm, shujaa wa kikosi cha X-Men anayeamuru mvua na upepo, kabla muda haujatuishia, kwa kuwa yeye ni wetu kwa upande wa mama. Len Wein na Dave Cockrum walimtoa mwaka 1975, na mara ya kwanza tunapomwona yuko hapa Kenya, watu wakimlilia awape mvua. Sharti lake si jiwe la kijani linalomdhoofisha Superman, wala kivuli cha Magere. Ni hofu ya kufungiwa mahali pembamba, kwa sababu alipokuwa mtoto kule Kairo alifukiwa chini ya kifusi pamoja na maiti ya mama yake. Mwaka 1984 Chris Claremont alimwondolea nguvu zake kabisa, na katika toleo la 201 la Uncanny X-Men, akiwa hana hata upepo, alimshinda mwenzake Cyclops na kuchukua uongozi wa kikosi. Tani zako zingemwandikia nini siku hiyo?

BARASA: Zingemwandikia uzito wa mwanamke mwenye mazoezi, na ushindi wake ungekuwa mkubwa zaidi kwa sababu hiyo. Hapo kipimo kinamtukuza. Kilichomdhalilisha ni mwaka 1996, Marvel na DC walipowapambanisha mashujaa wao na mapambano matano yakaamuliwa kwa kura za wasomaji. Storm alimshinda Wonder Woman, shujaa wa DC, kwa kura. Nilifurahi kwa moyo, lakini akili ilikataa, maana nguvu hazipigiwi kura. Na ukitaja mvua, mimi ni Mluhya na nitakujibu kwa mvua. Ukoo wa Nganyi kule Bunyore umejulikana kwa elimu ya mvua kwa vizazi. Wazee wao hutazama miti inavyochanua na kupukutisha majani, hutazama wadudu na ndege, kisha hutabiri. Wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa walikaa nao, wazee wakiwa na dalili zao na wataalamu wakiwa na milimita zao, wakatoa utabiri wa pamoja. Hakuna aliyemwambia mwenzake atupe chombo chake. Kwa nini wewe unataka nitupe changu?

ACHIENG: Sitaki ukitupe. Nataka kujua tu, kitangulie kipi?

BARASA: Nitakubali kwamba mvua hunyesha kabla ya kupimwa. Ila ikishapimwa na kuandikwa, asije mtu kesho akaniambia yalikuwa manyunyu.

ACHIENG: Basi toleo la 270 limeanguka kwa chombo chako na kwa changu pia. Wiki ijayo tutasoma toleo la 33 la The Amazing Spider-Man, la mwaka 1966, ambamo Steve Ditko anamlaza kijana yule chini ya mtambo wa chuma huku maji yakiingia, na uzito wa mtambo huo hautajwi kwa tani. Nataka nisikie Ndugu Barasa atauandika vipi daftarini.

BARASA: Nitakuja na daftari lenyewe.