Grausi Hutafutwa kwa Umri wa Miti

Mabibi na mabwana, wengi huamini kwamba msitu wa miti mikongwe ndio wenye ndege wengi. Kwa grausi wa Amerika Kaskazini, ndege wa ukoo mmoja na kwale mwenye kola ya manyoya shingoni, sivyo. Huko Minnesota, Wisconsin au Michigan, majimbo ya kaskazini mwa Marekani, ukimwinda chini ya miti mikubwa ambako unaona mbali, utachoka bure.

Mtafute kwenye aspeni changa. Mti huo ukikatwa, mizizi yake huchipua yenyewe, na baada ya miaka 10 hadi 20 hivi unapata kichaka cha vijiti vya unene wa kifundo cha mkono, vimebanana hata mwewe hapenyi kwa urahisi. Aspeni kubwa chache ziwepo jirani, maana wakati wa theluji grausi hupanda juu kula vitumba vya maua vya miti dume. Septemba na Oktoba pitia kingo: pale kichaka kinapokutana na njia ya zamani ya kusombea magogo iliyoota klova, mmea mfupi wa majani mabichi, au bonde chepechepe.

Sasa mwendo, maana hapa ndipo wengi huharibu. Kwale wa kwetu akishtuka mara nyingi hutimua mbio kwanza. Grausi hujibanza tuli, anaitegemea rangi yake ya majani makavu, na mtu wa mwendo usiobadilika humpita hatua chache tu. Kinachomtia wasiwasi ni ukimya. Ni kama anahisi ameonekana. Basi tembea hatua 15 au 20, simama, hesabu polepole hadi 10, endelea. Lakini chagua pa kusimama: penye nafasi ya kuzungusha mtutu, mguu wa kushoto mbele kwa anayelengea bega la kulia. Ukisimama katikati ya vijiti, ataruka kwa kishindo na mtutu wako utagonga mti.

Una sekunde moja au mbili, na umbali ni mita 15 hadi 25. Bunduki ya marisau ya geji 20, yaani ya mtutu mwembamba kiasi, yatosha, na marisau madogo ya namba 7½ au 8, mtutu usiobanwa mdomoni. Uliobanwa hukusanya marisau pamoja: ama unakosa kabisa, ama unasaga nyama. Vaa rangi ya chungwa kali, na ndege anayeruka chini ya usawa wa kichwa mwache. Huko ndiko aliko mbwa au mwenzako.

Akianguka, usikimbie. Kaza macho pale alipoangukia, tundika kofia ulipofikiria yupo, kisha tafuta kwa kuizunguka, duara likipanuka. Rangi ile ile iliyomficha akiwa hai humficha akiwa amekufa.

Halafu pasua gole lake, kile kifuko cha chakula shingoni, papo hapo. Ukikuta majani ya klova, shika njia za magogo. Ukikuta vitunda, rudi bondeni. Kikomo cha Minnesota ni ndege 5 kwa siku, na kuwafikisha watano, niwaambie ukweli, ni nadra.