Kuchagua virutubisho vya viungo kwa mbwa mchakarikaji bila kupigwa dukani

Karibuni tena jamani. Leo tunachagua kopo la virutubisho vya viungo, yaani maungio ya mifupa kama goti na nyonga, kwa mbwa mchakarikaji, yaani yule anayekimbia na wewe kila alfajiri, au mbwa wa ulinzi anayezunguka kiwanja usiku kucha na kurukia geti kila gari likipita. Hapa mezani nimepanga makopo ya aina tofauti tofauti na mnaona yote nimeyageuza, kwasababu mbele ya kopo kuna picha ya mbwa anaruka na maneno makubwa tu, tunachokitafuta kiko nyuma kwenye maandishi madogo.

Ila kabla hatujashika kopo, muangalie mbwa mwenyewe. Kama anachechemea, kama asubuhi anainuka kwa shida, kama goti limevimba, hapo hatununui kirutubisho, tunaenda kwa daktari wa mifugo. Huku kwetu kupe ni wengi na kuna ugonjwa wa kupe unaitwa erlikia, unaweza kuvimbisha viungo kabisa, mbwa anachechemea mguu huu leo kesho ule, ana homa, chakula anakiangalia tu, alafu mwenye mbwa anahangaika kutafuta vidonge vya viungo wakati mbwa alihitaji kipimo cha damu na antibayotiki. Pia kama alikuwa anakimbia akasimama ghafla, mguu wa nyuma kaushika juu hataki kuukanyagia, inawezekana ligamenti ya goti, yaani kamba inayoshikilia mifupa, imekatika, na hakuna kidonge cha dukani kinachounga ligamenti.

Na hili naomba mlisikie vizuri. Usimpe mbwa diklofenaki, usimpe Brufen, usimpe Panadol zako za nyumbani kwa kukadiria. Diklofenaki na Brufen zinaweza kumtoboa tumbo na kuua figo, Panadol inaharibu ini, na dozi ambayo kwako ni ya kawaida kwa mbwa wa kilo 10 ni sumu. Zipo dawa za maumivu za mbwa, daktari anazijua, muulize yeye.

Sawa, daktari kasema mbwa mzima, au kasema viungo vimeanza kuchoka. Sasa mpime uzito. Kama huna mzani wa mifugo simama na mbwa kwenye mzani wa kawaida, soma, mshushe, jipime mwenyewe, toa. Iandike hiyo namba kwasababu kila hesabu ya leo inaanzia hapo. Alafu pitisha viganja vyako ubavuni mwake hivi, bila kukandamiza, mbavu unatakiwa uzihisi kirahisi, na ukimtazama kutoka juu kiuno kionekane. Kama unatafuta mbavu huzipati, punguza chakula kwanza, na hii sisemi kwa kubana matumizi. Marekani kampuni ya chakula cha mbwa ya Purina ilifuatilia mbwa 48 aina ya Labrador maisha yao yote, nusu yao walikuwa wanapewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko wenzao, matokeo yalitoka 2002, wale wembamba waliishi karibu miaka 2 zaidi na viungo vyao vilichelewa kuharibika. Hakuna kopo hapa mezani linaloweza kukuahidi hivo.

Haya, sasa geuza kopo. Kitu cha kwanza cha kutafuta ni EPA na DHA. Hizi ndo omega-3 za samaki, yaani aina ya mafuta, na mimi hela yangu ya kwanza inaenda huku. Mwaka 2022 watafiti wa Canada walichapisha mapitio ya tafiti nyingi za virutubisho vya viungo kwa mbwa na paka, omega-3 ikatoka na ushahidi mzuri wa kupunguza maumivu, kolajeni, ambayo ni protini, ikaonyesha kidogo, glukosamini na kondroitini ambazo ndo zimejaa kwenye kila kopo zikaonekana hazisaidii, mpaka wakashauri zisipendekezwe tena. Najua wengi mnazitumia na mnaziamini, na kuna tafiti za zamani zilizoonyesha zinasaidia, mbwa wengi pia zinawakalia tumboni bila shida. Ila kama bajeti inatosha kitu kimoja tu, usianzie hapo.

Sasa kuwa makini, hapa ndo watu wanapigwa sana. Kidonge kimeandikwa "mafuta ya samaki miligramu 1,000", mtu anadhani amepata omega-3 miligramu 1,000. Hapana. Soma mstari wa chini: EPA 180, DHA 120. Jumlisha, 300. Hiyo 300 ndo unayoilipia, iliyobaki ni mafuta mengine. Kwa mbwa mwenye ugonjwa wa viungo, kiwango cha juu ambacho madaktari wanakilenga kwa mbwa wa kilo 10 ni kama miligramu 1,700 za EPA na DHA kwa siku, kilo 20 ni kama 2,900, kilo 30 inakaribia 4,000. Mnaona haiongezeki mara mbili uzito ukiwa mara mbili, kwaiyo usizidishe tu kichwani. Na hicho ni kiwango cha mgonjwa, kinafikiwa taratibu kwa wiki kadhaa daktari akijua, maana ukimmwagia yote siku ya kwanza ataharisha, na omega-3 nyingi inapunguza kasi ya damu kuganda, kwaiyo kama anaenda kufanyiwa upasuaji lazima useme. Mbwa mzima anayekimbia tu, anzia theluthi ya hapo.

Mafuta ya kitani na chia pia yameandikwa omega-3, lakini ni ya aina nyingine na mwili wa mbwa unaigeuza kidogo sana kuwa EPA, kwa kazi hii ya viungo yaache. Na mafuta ya ini la samaki, yale ya watoto, tusiyachanganye na mafuta ya samaki! Yana vitamini A na D nyingi, ukitaka kufikia EPA ya kutosha kwa kutumia hayo utakuwa umemzidishia vitamini mpaka zimdhuru. Dagaa mpe, ni chakula kizuri, waoshe mchanga na chumvi, ila usiwahesabu kama dozi.

Ukishamaliza omega-3 na hela imebaki, kuna viwili ninavyoviheshimu. Cha kwanza ni kolajeni ya aina ya pili ambayo haijapikwa, kwenye kopo utaona UC-II, kwa mbwa inatumika miligramu 40 kwa siku. Ni kidogo hivo kwasababu haiendi kujenga gegedu, ule mto laini wa kwenye maungio, moja kwa moja, inapita kwenye kinga ya mwili kule utumboni ili mwili uache kuishambulia gegedu yake. Kwaiyo usiichanganye na uji wa moto, ukiipika umeiua. Cha pili ni unga wa kome wa New Zealand wenye gamba la kijani, nao usiuweke kwenye sufuria. Manjano ya jikoni yanapita tumboni bila kuingia sana mwilini, sitayapa kazi ya kutibu viungo.

Mwenye mtoto wa mbwa mkubwa, German Shepherd, Boerboel, usimuongezee kalisiamu juu ya chakula maalum cha watoto wa mbwa. Najua tumezoea kumpa ili asimamishe masikio na mifupa iwe migumu, lakini ikizidi ndo mifupa inakua vibaya.

Tuendelee na kopo. Tafuta tarehe ya kuisha na namba ya toleo, bila hizo rudisha. Tafuta neno "xylitol", ni sukari mbadala, inashusha sukari ya damu ya mbwa ghafla na inaweza kumuua, iko zaidi kwenye bidhaa za binadamu za kutafuna. Kama limetoka Marekani angalia kama lina muhuri wa NASC, ni baraza la watengenezaji wa virutubisho vya wanyama lililoanzishwa 2001, linakagua viwanda vya wanachama wake. Muhuri hausemi dawa inatibu, unasema kiwanda kimekaguliwa, na hilo ni muhimu kwasababu hata huko virutubisho vya mbwa havipitishwi na serikali kabla ya kuuzwa, tofauti na dawa. Na kopo lililoandika "mchanganyiko maalum wa viungo" bila kutaja miligramu za kila kitu, mimi silinunui hata liwe na punguzo.

Bei sasa. Usilinganishe bei ya kopo, linganisha bei ya siku. Tuseme kopo hili ni shilingi 60,000 lina vidonge 60, lile ni 90,000 linatosha siku 60. La kwanza linaonekana rahisi, lakini soma dozi: kilo 30 vidonge vitatu kwa siku. Kopo linaisha siku 20, yaani 3,000 kwa siku, wakati lile la 90,000 ni 1,500.

Umenunua, umefika nyumbani. Mafuta ya samaki weka kwenye friji, joto la Dar au Mombasa linayachachisha haraka, yakianza kunuka kama rangi ya mafuta mwaga. Mchukue video mbwa anatembea kwa upande, anatembea kuja kwako, anapanda ngazi, anainuka kutoka kulala. Alafu anza kirutubisho kimoja tu, usianze viwili pamoja maana hutajua kipi kimefanya kazi. Mpe wiki 8 na katika hizo wiki usibadilishe mazoezi, kata kucha zake, alafu mrekodi tena sehemu ile ile, angalia video mbili kwa pamoja. Kama hakuna tofauti unayoiona, acha, hela hiyo ikamlipie kipimo cha eksirei ya nyonga.

Andika hapo chini uzito wa mbwa wako na EPA na DHA zilizoandikwa nyuma ya kopo ulilonalo, nitapiga hesabu pamoja na wewe.