Mguu Mtupu na Ardhi ya Mombasa

Wazee wetu, kina mama, kina baba na vijana mliofika jioni hii, asalaam aleikum na hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie kutembea pekupeku: je, ni afya au ni hatari? Swali likiulizwa hivyo halijibiki. Mguu mtupu kwenye mchanga wa Nyali maji yakiwa yamekupwa, na mguu mtupu nyuma ya choo cha shimo chini ya mwembe, ni mambo mawili yaliyo mbalimbali kabisa, na mtaalamu anayewapa jibu moja kwa yote mawili hajawasaidia. Mimi nawaomba mpime vitu viwili kila mnapovua ndara: hali ya ardhi, na hali ya mguu unaoikanyaga.

Niutetee mguu kwanza. Una mifupa 26, na misuli midogo ya wayo hupata kazi zaidi usipoufunga ndani ya kiatu kigumu. Nchini India, uchunguzi wa watoto 2,300 uliochapishwa mwaka 1992 uliona nyayo bapa kwa asilimia 8.6 ya watoto waliovaa viatu, na asilimia 2.8 tu ya wale wasiovaa. Hapa kwetu Kenya, watafiti waliwapima watu wa magharibi mwa nchi, baadhi yao wakiwa wamezoea kutembea bila viatu, na mwaka 2019 wakatangaza kwamba sugu ya wayo, hata ikiwa nene, haimwondolei mtu uwezo wa kuhisi anachokanyaga. Kwa hiyo bibi aliyetembea chini maisha yake yote hana mguu uliokufa. Ana mguu uliojikinga. Vijana hupenda kunitajia Abebe Bikila, aliyeshinda mbio za marathoni za Olimpiki mjini Rome mwaka 1960 bila viatu. Ni kweli, ila mwaka 1964 alishinda tena, Tokyo, na safari hiyo alikuwa amevaa.

Sasa ardhi. Kinachonitia wasiwasi zaidi hapa Pwani hakionekani kwa macho, nacho ni lava, yaani mtoto, wa minyoo ya safura. Mtu mwenye minyoo hiyo akijisaidia kichakani, mayai hutoka pamoja na kinyesi, na yakikuta mchanga mnyevu, wenye kivuli na joto kama letu, huanguliwa kwa siku moja au mbili. Baada ya siku tano hadi kumi hivi, lava huwa tayari kumwingia binadamu. Hasubiri kidonda. Hupenya ngozi nzima, mara nyingi katikati ya vidole, pakawasha kwa siku kadhaa, kisha husafiri na damu mpaka mapafuni, hupanda kooni, humezwa, na kufika utumboni, ambako mnyoo hujing'ang'aniza ukutani na kunyonya damu kwa miezi, pengine miaka. Mama humwona mwanawe amepauka, anahema akipanda ngazi, anasinzia darasani, naye akadhani ni uvivu. Dawa ipo na ni rahisi, albendazoli, ambayo watoto wengi hupewa shuleni. Lakini mtoto akimeza dawa asubuhi, kisha jioni akarudi kucheza pekupeku palepale nyuma ya choo, minyoo itamrudia.

Mbwa na paka nao wana minyoo ya jamii hiyo. Yao aghalabu haifiki utumboni mwetu. Hutangatanga chini ya ngozi na kuchora mstari mwekundu uliopindapinda, unaowasha usiku kucha. Ndiyo sababu ufukweni nawashauri mtembee kwenye mchanga unaooshwa na maji kila yanapojaa, muuache ule wa juu, chini ya minazi, wanakolala mbwa.

Ukitoka mchangani ukaingia mwambani, vaa viatu. Hapo sina mjadala. Na palipo na mchanga ndani ya maji, buruta miguu taratibu badala ya kuinyanyua, maana samaki aitwaye taa hujifukia, na akisikia mburuto huondoka. Akikuchoma, tumbukiza mguu katika maji ya moto unayoweza kuyavumilia, yasiyozidi nyuzi 45, kwa muda wa nusu saa au zaidi, kisha nenda hospitali.

Kuhusu funza nitasema machache: msitumie sindano moja kwa watu wawili, kwa kuwa damu hupitisha virusi vya ukimwi na vya homa ya ini. Na msumari ukizama mguuni, hata usipotoa damu nyingi, ulizeni chanjo ya pepopunda. Kina mama huchanjwa wakiwa wajawazito. Sisi wanaume wengi wetu tulichanjwa utotoni, tukasahau.

Nimewaacha mwisho wenye kisukari, kwa kuwa kwao yote niliyosema kuhusu sugu hayatumiki. Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu neva, mguu ukaingia ganzi, na mtu akatembea siku nzima na kigae ndani ya wayo bila habari, mpaka soksi ilowe usaha. Mwenye kisukari asitembee pekupeku, hata uani kwake. Kila jioni atazame nyayo zake kwa kioo, apapase ndani ya kiatu kabla ya kukivaa, na maji ya moto ayapime kwa kiwiko, au ampe mtu mwingine amwangalizie. Najua mtaniuliza habari ya msikitini. Zulia halina neno. Ninachokiogopa ni ua wa sakafu adhuhuri ya Ijumaa, uliochomwa na jua tangu asubuhi; huo huunguza wayo wenye ganzi, na mwenyewe akagundua malengelenge usiku. Avae soksi nene au khufu, yaani soksi za ngozi; hukumu ya kupangusa juu yake wakati wa kutawadha nawaachia masheikh waliopo hapa. Na akishatawadha, akaushe vizuri katikati ya vidole, kwa kuwa unyevu unaobaki pale huleta fangasi, ngozi ikapasuka, na kidonda kikaanzia hapo.