Jiwe Lihojiwe Kwanza

(Mhadhara kwa wachimbaji wadogo, Ruangwa, mkoani Lindi)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za asubuhi.

Mawe mliyoleta ni mengi, na karibu kila moja limekuja na jina lake. Tuyaweke majina kando kwanza. Rangi ndiyo inayowaponza wengi: jiwe jeupe laweza kuwa jasi, chokaa au kwatzi.

Anza na ukucha. Mjerumani Friedrich Mohs, mwaka 1812, aliupanga ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10. Jasi ni 2, ukucha unaikwaruza. Kalsaiti, ambayo ndiyo mwili wa mawe ya chokaa, ni 3: ukucha hauiwezi, kisu kinaiweza. Kwatzi ni 7, hukwaruza hata kioo. Ukibaki na shaka, saga kidogo, dondoshea siki. Chokaa hutoa povu, jasi hunyamaza.

Jasi inatoka wapi? Waliofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya huku pwani wameiona ikizaliwa, basi tu hawakuambiwa. Maji ya bahari yakikauka juani, chokaa hutangulia kuganda. Yakibaki kama sehemu moja ya tano, jasi hufuata. Chumvi huja nyuma yao. Jasi ya Kilwa ilianza hivyo hivyo, ila hapo iliyokuwa ikikauka ni bahari iliyozibwa njia, enzi za kale mno. Leo huchanganywa kwenye saruji; bila hiyo, saruji ingeganda kabla fundi hajaisambaza.

Kinywe chetu, yaani grafaiti, nacho kilianzia kwenye tope lenye mabaki ya viumbe. Tope likazama chini sana, likabanwa na kupikwa miaka zaidi ya milioni 500 iliyopita, likawa mwamba geu, na ukaa (kaboni) wa mabaki yale ukawa magamba meusi yanayoteleza. Vilima vya mawe vya Masasi ni naisi, nayo pia ni miamba geu. Kwa hiyo usijisumbue kutafuta kinywe kwenye matumbawe ya Mikindani, ambayo hayakupikwa hivyo. Ukikipata, kitaandika karatasini.

Na hii ya kumetameta, ambayo najua ndiyo iliyowaleta wengi! Sugua nyuma ya kigae, upande usiong'aa. Dhahabu huacha mstari wa njano. Pairaiti, jiwe linalong'aa kama dhahabu na kudanganya wengi, huacha mweusi wenye ukijani. Kisha gonga: dhahabu hubonyea, pairaiti husagika. Muuzaji akikukataza kugonga, mwachie jiwe lake.