Mwezi wa Tatu Wageni Wameisha: Mazungumzo na Wazazi Wanaouguza

(Mhadhara kwa wazazi, ukumbi wa kanisa, Soweto, Mbeya)

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu, habari za asubuhi. Wale wa Rungwe na Kyela, mugonile. Nawaona mmejipanga safu moja kule nyuma, hamjabadilika. (Kicheko.)

Mwenyekiti ameniita mtaalamu. Mimi ni nesi mstaafu wa wodi ya watoto, basi. Habari za dawa mtazipata kwa madaktari baada ya chai. Mimi nimeombwa nizungumze habari ya mzazi, yule anayelala kwenye kiti cha plastiki pembeni ya kitanda, ambaye hana faili na hakuna anayempima presha.

Mtoto akigundulika na ugonjwa mzito, wiki ya kwanza wodini hapapitiki. Shangazi kaja na uji kwenye chupa ya chai, jirani kaja na machungwa, mchungaji kaja na wazee wa kanisa, grupu la ukoo kwenye simu linawaka moto, michango inaingia. Mama analia, lakini ameshikwa mkono kila upande. Sasa ngoja mwezi wa tatu tangu majibu yatoke. Saratani ya damu ya aina ile inayowapata watoto zaidi hutibiwa kwa miaka 2 hadi 3, kwa hiyo mwezi wa tatu safari ndiyo kwanza imeanza. Wageni wameisha. Michango imeliwa na nauli. Bosi wa baba ameanza kuuliza maswali, mahindi yanataka mbolea, na yule mtoto asiyeumwa aliyeachwa kwa bibi ameanza kukojoa kitandani. Familia nyingi nilizoziona zikivunjika zilivunjikia hapo, wala si siku ile daktari alipotoa majibu. Na hapo ndipo mtoto anapoachishwa dawa, kimyakimya, kwa maneno ya "tutarudi baada ya mavuno".

Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri watoto zaidi ya 80 kati ya 100 wenye saratani wanapona, na katika nchi nyingi za kipato cha chini hawafiki 30. Sababu ni nyingi: kuchelewa kugundua, vipimo, dawa. Lakini kuacha tiba katikati imo kwenye orodha hiyo, na ndiyo sababu pekee ambayo mimi na nyinyi tuliomo ukumbini tunaweza kuigusa.

Kwa hiyo wiki ile ya kwanza, watu wakiwa wamejaa, gaweni kazi za mwezi wa tatu. Mtu akikuuliza, "Mama fulani, tukusaidie nini?", usiishie kwenye "tuombeeni tu". Mwambie: dada, nikilazwa tena mwezi wa nne, mdogo wake atakaa kwako. Baba mdogo, nauli ya Juni ni yako. Kikundi cha vikoba, nikikosa vikao msinifute. Najua kwetu kuomba hivyo waziwazi ni aibu. Imezeni hiyo aibu. Aliyepewa kazi yake na tarehe yake hurudi. Aliyeambiwa aombe ataomba kweli, ila akiwa kwake.

Hela nayo isemwe. Sera ya afya inasema mtoto wa chini ya miaka 5 hatozwi kwenye vituo vya serikali. Hilo lipo, lidaini. Lakini mnajua nami najua kwamba dawa ikikosekana dirishani utaandikiwa ukanunue nje, na kwamba mtoto wa miaka 6 naye anaumwa. Ofisi ya ustawi wa jamii iko kwenye hospitali kubwa za serikali kwa ajili hiyo. Nendeni mapema, kabla ya kuuza mashine ya kushonea. Nimemwona baba mmoja, kavaa koti la suti, anafika mpaka mlangoni pa ofisi ile, anageuka, anaenda kantini, anarudi, anasoma matangazo ya ukutani yote mpaka yanaisha, haingii. Mficha uchi hazai, baba. Ingia.

Na mkipewa rufaa ya Hospitali ya Taifa Muhimbili au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, mbele yenu kuna zaidi ya kilomita 800. Basi linatoka stendi ya Nane Nane alfajiri, mlima Kitonga mtoto anatapika, Dar es Salaam mnaingia giza limeshashika. Nauli kila mtu huifikiria. Wachache huuliza: mtoto akitolewa wodini, lakini ana dozi nyingine wiki ijayo, tutalala wapi? Ulizeni hapahapa, kabla ya kupanda basi. Wa saratani wana bahati kidogo, maana shirika la Tumaini la Maisha, linalofanya kazi na wodi ya watoto pale Muhimbili, limekuwa na nyumba ya kuwapokea. Wa magonjwa mengine tafuteni ndugu mapema, hata yule mliyenuniana naye.

Nije kwenye lawama, maana naona mama mmoja ameinamisha kichwa. Mtoto akiumwa sana, ukoo hutafuta mtu. Mara ni mama alikula vibaya akiwa mjamzito, mara ni shangazi na jicho lake, mara ni deni la mahari. Niwape habari ya ugonjwa mmoja tu, saratani ya uvimbe wa taya, ambao wenzetu wa Kyela wanaujua zaidi ya sisi wa baridini. Mwaka 1958 daktari mpasuaji aliyekuwa Uganda, Denis Burkitt, aliandika habari zake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili waliingia kwenye gari kuukuu wakateremka nalo mpaka Afrika Kusini, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine: mnao watoto wenye uvimbe huu? Wakakuta ugonjwa uko mabondeni, kwenye joto na mvua, na ukipanda milimani unapotea. Mwaka 1964 kikapatikana kirusi ndani ya seli za uvimbe huo. Kirusi chenyewe kinasambaa kwa mate, karibu watoto wetu wote wanakipata wakiwa wadogo na hakiwafanyi chochote. Ila malaria ya kurudiarudia imo katika kinachompeleka mmoja kati ya wengi kwenye uvimbe. Yule mmoja ni nani, hakuna mama aliyemchagua. Shangazi hamo kabisa kwenye habari hiyo. Na uvimbe wenyewe, ingawa hukua haraka ajabu, dripu za saratani, zile tunazoziita kemo, huuyeyusha vizuri ukiwahiwa. Muda mnaoutumia kumtafuta mchawi ndio muda wa kemo.

Wa mitishamba nisiwagombeze, maana mkigombezwa mnaficha. Nasema hivi: mwambieni nesi mlichompa mtoto. Ini lake ni moja, na dawa zinaweza kugombana humo ndani.

Mtoto mwenyewe sasa. Namkumbuka mvulana wa miaka minne kutoka Mbarali. Kila akichomwa, mama yake anambembeleza, "Haiumi, baba, haiumi." Inauma! Mtoto akaacha kumwamini mama, ikafika mahali akiona tu trei ya chuma inaingia anapiga yowe. Nesi mmoja kijana akachukua kanula mpya, akaitoa sindano, akambakizia kile kijirija cha plastiki ashike. Akamwambia, "Sindano inaingia, inauma mpaka uhesabu tano, halafu inatoka, inabaki hii laini." Mvulana akaibandika kwa plasta kwenye mkono wa mwanasesere wake, akamwonya, "Itauma mpaka tano." Kesho yake alilia, ndiyo. Lakini alihesabu.

Mwambieni ukweli kwa kipimo chake. Na kuna jambo hamtalisikia akilisema: mtoto wa umri huo anaweza kuamini anaumwa kwa sababu alimpiga mdogo wake au aliiba sukari. Msingoje aulize. Mwambieni, hukukosea kitu.

Wakati mwingine dawa ndiyo inayosema. Prednisolone humpa mtoto njaa na hasira. Uso unavimba, saa nane za usiku anataka viazi, akiletewa viazi anataka wali. Mama anadhani amemdekeza. Ni dawa, itapita. Wekeni kitu kwenye hotipoti, yaishe.

Lisilopita ni homa. Mtoto aliye kwenye kemo kinga yake imeshuka. Joto likifika 38, msimpe panadol mkangoja kukuche. Ni hospitali saa hiyohiyo, usiku huohuo. Kwa hiyo mtu wa Ileje au Busokelo awe na kipimajoto ndani na namba ya mwenye gari aliyeafikiana naye kabla. Na kaunta buku moja: tarehe, dawa, joto, alichotapika, na maswali ya daktari, kwa sababu raundi ikifika kitandani yote yanayeyuka kichwani.

Akina baba. Wengi mnakuja saa ya kuona wagonjwa, mnasimama miguuni pa kitanda, mnauliza "anaendeleaje", mnaacha hela, mnaondoka. Mama analiona hilo kama ubaridi. Mimi nimewaona mkilia kwenye maegesho. Wodi nyingi haziruhusu baba alale, sawa. Basi chukua Jumapili mchana kutwa, umlishe mwenyewe, umwogeshe, mama aende kulala kitanda cha kweli. Mama naye asipige simu kila nusu saa kuuliza kama umemfunika. (Kicheko.) Mnacheka, lakini mwanamke anayemnyang'anya mumewe kijiko mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu anabaki nacho peke yake.

Naona mkono. Bibi, karibu.

Bibi ameuliza: mjukuu akiniuliza "bibi, nitakufa?", nimjibu nini?

Ahsante, bibi. Usiseme "nyamaza, usitamke hivyo", maana atanyamaza kweli, na utakuwa umemwacha na swali lake. Kwanza muulize, "Nini kimekufanya uwaze hivyo?" Mara nyingi kuna kitu amekiona: kitanda cha jirani kimetandikwa upya, mama yake amelia chooni. Mtoto mdogo mara nyingi anauliza kama ataachwa peke yake. Hilo unaweza kulijibu bila kusema uongo: mimi na mama tupo, hatukuachi, madaktari wanakutibu kwa bidii. Usimwahidi atapona kama hujui. Halafu, bibi, mwambie nesi wa zamu kwamba ameuliza, na mwambie mama yake, kwa sababu kesho atawauliza na wao kuona kama majibu yanafanana.