Sigara, Shaka na Banda la Malakisi

WAFULA: Karibuni tena. Leo ni kampuni za sigara na jinsi zilivyojibu zilipoambiwa bidhaa yao inaua. Akinyi ameandaa mafunzo matatu, ila acha kwanza niseme hili. Jumamosi nilikuwa matangani, upande wa Malakisi, kule Bungoma. Kuna mzee anawasha sigara kwa kipisi cha ile inayokwisha, anakohoa mpaka anashika mti. Nikamwambia, mzee, hii kitu itakumaliza. Akanijibu, "Mjukuu, hata wenye sigara walisema hakuna aliyethibitisha."

AKINYI: Na ni kweli walisema. Tarehe 4 Januari 1954, kampuni za Marekani zililipia tangazo la ukurasa mzima kwenye magazeti zaidi ya 400. Zikasema zinaamini bidhaa zao hazidhuru afya, na kwamba afya ya watu zinaitanguliza kuliko biashara. Wakati huo watafiti Doll na Hill, kule Uingereza, walikuwa wameshachapisha tangu 1950 matokeo yanayohusisha sigara na saratani ya mapafu. Na 1953 panya waliopakwa lami ya sigara mgongoni walikuwa wameota saratani.

WAFULA: Lakini waliahidi pia kufadhili utafiti.

AKINYI: Hapo ndipo penye ujanja! Hawakuhitaji kushinda mjadala, walihitaji usiishe. Kuna waraka wa ndani wa kampuni ya sigara ya Brown & Williamson, wa 1969, ulioandika wazi kwamba shaka ndiyo bidhaa yao. Na 1994 wakuu saba wa kampuni za sigara walikula kiapo mbele ya kamati ya bunge la Marekani, mmoja baada ya mwingine wakasema hawaamini nikotini, kemikali iliyo kwenye tumbaku, inaleta uraibu.

WAFULA: Na huku sisi tunawakaushia majani ya tumbaku. Akinyi, pale kwa mjomba, lile banda la kukaushia...

AKINYI: Haya, banda limefika. Wasikilizaji, mnamjua.

WAFULA: Lazima wajue! Kuta za udongo, ndani fito zimepangwa hadi juu, majani yamefungwa mafungu mafungu. Meko iko nje, joto linapita kwenye bomba la bati lililolazwa sakafuni. Moto haulali usiku wala mchana, jani likiharibika rangi bei imeanguka. Sisi watoto ndio tulikesha tukisukuma kuni. Mikaratusi yote ya mjomba iliishia mle.

AKINYI: Na shule?

WAFULA: Tulisinzia darasani. Halafu kuvuna. Asubuhi jani lina umande, utomvu unashika mikono hadi inakuwa myeusi. Unasikia kizunguzungu, unatapika. Nyumbani wakadhani ni malaria. Kumbe nikotini inapita kwenye ngozi! Nani alituambia? Hakuna.

AKINYI: Pole, ndugu yangu. Lakini leo mkulima anajua. Migori wapo walioacha tumbaku wakapanda maharagwe yenye madini ya chuma, kwa mradi wa mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya, kilimo na chakula: WHO, FAO na WFP. Anayeendelea kulima anajua moshi ule unaishia kwenye kifua cha kijana wa Kondele, Kisumu.

WAFULA: Hapana, hapo umemwonea. Mkulima alipewa mbegu na mbolea kwa mkopo na mnunuzi yuleyule. Akiacha, deni analipa na nini?

AKINYI: Deni halifanyi jani kuwa dawa. Nimemuuguza mtu wa kifua, Wafula. Nimemshikilia akitafuta pumzi.

WAFULA: Na mimi nimekaa kwenye lile banda. Anayedanganywa huwezi kumweka benchi moja na anayedanganya.

AKINYI: Siwaweki benchi moja. Nasema naye ana sehemu yake.

WAFULA: Sikubali.

AKINYI: Basi usikubali. Mimi sirudi nyuma.

WAFULA: Tunaonyeshwa saa hapa, zimebaki dakika mbili.

AKINYI: Na Kenya hatujaigusa! Haraka: tuna Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007. Kanuni zake za 2014 zilipotoka, kampuni ya sigara ya BAT ilizipinga mahakamani hadi Mahakama ya Juu, ikashindwa 2019. Miaka hiyo yote ya kesi ni muda wa kuuza.

WAFULA: Na yale mafunzo matatu?

AKINYI: Hayaingii. Mwambie mzee wako aende kliniki.

WAFULA: Nitamwambia. Lakini kuhusu mjomba bado umekosea.

AKINYI: Wiki ijayo, na uje na hesabu ya lile deni. Kwaherini.