Barua ya Jumuiya na Matumaini ya Paroko kwa Mwaka 2026

MAMA KATIBU: Tumsifu Yesu Kristo, wasikilizaji wetu. Karibuni katika kipindi cha kwanza cha mwaka 2026, tunachokirekodi katika ofisi ya parokia hapa Dar es Salaam, feni ikiwa imezimwa ili isiharibu sauti. Mkisikia mtu akihema kwa joto, huyo ni Baba Paroko, mwenyeji mwenzangu. Baba, katika mkesha wa mwaka mpya hukutaja mradi wowote wa ujenzi, na waamini kadhaa wameniuliza kama unaumwa.

PAROKO: Milele amina. Siumwi, Mama Katibu, na paa la kanisa bado linavuja pale pale linapovuja kila masika. Lakini tumaini langu la kwanza mwaka huu halihusu paa. Natamani kwamba tutakapofika Desemba, asiwepo mtu aliyekuja hapa kuombea mtoto wake ubatizo, au kuomba mazishi ya mzazi wake, akaulizwa kadi ya zaka kabla hajapewa hongera au pole.

MAMA KATIBU: Hapo umenigusa, kwa sababu barua za jumuiya, zile ambazo mwenyekiti humwandikia mwamini anayeomba huduma kama hizo, hupita mezani kwangu. Niruhusu niwatetee viongozi wetu. Maaskofu wa AMECEA, yaani umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipoamua mwaka 1973, na kusisitiza tena mwaka 1976, kwamba Kanisa la ukanda wetu lijengwe juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, walitaka mwamini afahamike kwa majirani zake, asiwe mgeni wa Jumapili tu. Barua ya mwenyekiti ni ushahidi kwamba anafahamika. Bila barua hiyo, wapo watu ambao tungewaona mara tatu tu maishani mwao, na mara ya tatu wangekuwa wamebebwa.

PAROKO: Nakubali, na sitaki kuidhoofisha jumuiya. Ninachouliza ni kama barua bado inashuhudia kufahamiana, au imegeuka kizuizi cha barabarani. Nitakupa mfano unaonihusu mimi mwenyewe, katika parokia niliyotumikia kabla ya hii. Alikuwepo mama anayekaanga samaki. Jumuiya yake ilisali Jumamosi saa 12 asubuhi, na saa hiyo yeye alikuwa Feri, kwenye soko la samaki, akigombania mzigo. Alipoomba ubatizo wa mwanawe, mwenyekiti aliniletea daftari la mahudhurio, na mimi nikalitazama jinsi karani anavyotazama risiti: alama za kalamu nyekundu kuanzia Januari hadi Agosti, isipokuwa Jumamosi mbili. Nikamwambia ahudhurie kwanza, ndipo tuzungumze.

MAMA KATIBU: Na zile Jumamosi mbili?

PAROKO: Niliuliza baadaye, nikiwa nimeshachelewa. Bahari ilikuwa imechafuka, vyombo havikutoka, kwa hiyo hapakuwa na samaki wa kununua. Yaani kila Jumamosi aliyopata nafasi, alikuja kusali. Mtoto alibatizwa hatimaye, akiwa anatembea kwa miguu yake mwenyewe kuelekea kisima cha ubatizo, na waamini wakapiga makofi kwa furaha. Mimi sikuweza kupiga.

MAMA KATIBU: Sheria ya Kanisa inasemaje? Nauliza kwa sababu viongozi wengi wanaamini kwamba wanatekeleza sheria.

PAROKO: Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, katika kanuni ya 843, unasema kwamba wahudumu hawawezi kuwanyima sakramenti wale wanaoziomba wakati unaofaa, walio tayari ipasavyo na wasiozuiwa na sheria. Kanuni ya 848 inaongeza kwamba mhitaji asikose kamwe sakramenti kwa sababu ya umaskini wake. Ni kweli pia kwamba kanuni ya 222 inawadai waamini wote walisaidie Kanisa katika mahitaji yake, na mimi nitaendelea kuhubiri zaka bila aibu, kwa kuwa makatekista wetu wa vigangoni wanaishi kwa posho ambayo ni aibu kuitaja. Ila deni hilo halikusanywi mlangoni pa sakramenti, sembuse kando ya jeneza.

MAMA KATIBU: Basi na sisi tusomewe mapato na matumizi kila robo mwaka, Baba. Watu huficha bahasha pale wanapofichwa hesabu.

PAROKO: Umenishika. Kamati ya fedha itaanza Machi, na utaiandika katika muhtasari ili nisipate pa kukimbilia.

MAMA KATIBU: Je, ni nini kilichokurudisha kwa mama wa samaki wakati huu?

PAROKO: Ni msiba. Baada ya ghasia za Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, watu walikuja kuombea marehemu wao Misa, na wengine sikuwahi kuwaona kanisani. Sikumwuliza yeyote kadi; nisingethubutu. Usiku nikajiuliza kwa nini huruma ile iliniijia bila kufundishwa, na kwa nini siku za kawaida huwa naiweka kabatini pamoja na daftari. Baba Mtakatifu Leo XIV alianza utume wake Mei 8, 2025 kwa maneno “Amani iwe nanyi nyote”. Hakutanguliza mahudhurio.

MAMA KATIBU: Kwa hiyo mpango ni upi? Tuna jumuiya 42.

PAROKO: Kanuni ya 529 inamtaka paroko azitembelee familia. Nikienda jumuiya mbili kwa wiki, ni wiki 21.

MAMA KATIBU: Kwa hesabu ya kalenda isiyo na misiba, Baba. Jumatano ya Majivu ni Februari 18, na Kwaresima utakuwa kwenye kitubio hadi usiku.

PAROKO: Tuseme basi hadi Septemba, na kwa saa ambayo wenye nyumba wapo. Kama jumuiya ina wachuuzi, isali jioni.

MAMA KATIBU: Jumuiya ya kwanza imekubali Jumatatu saa 11 jioni. Mwenyekiti ameuliza kama aje na daftari.

PAROKO: Aje nalo. Nataka majina ya wale ambao mstari wao una wino mwekundu mtupu, kwa sababu kwao ndiko tutakakoanza kubisha hodi.